Njia ya Mtu Mmoja Tu

Siku ambayo foleni ya wapanda mlima wa hifadhi ilitoka getini ikafika kwenye maegesho ya magari, wengine waliona kero. Asali aliona riziki.

Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ya ulimi, si kwa sababu ya tabia. Ulimi huohuo ndio uliouza cherehani ya mkewe, kwa ajili ya biashara ambayo faida yake bado iko njiani. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba watoto, cherehani irudi kabla sijafunga mlango Jumamosi. Usiporudi nayo, usirudi."

Na leo ndiyo ilikuwa Jumamosi.

Kwenye foleni, bwana mmoja mwenye kofia pana alikuwa akinung'unika. "Nimekuja kutafuta utulivu, nimekuta harusi isiyo na bibi harusi."

"Mzee wangu," Asali alinong'ona bila kumtazama, "wewe si mtu wa msongamano. Uso wako tu unasema."

"Unasemaje?"

"Unasema uoneshwe njia ya nyuma. Inafika maporomoko yaleyale, na haina hata nzi. Lakini ni ya mtu mmoja tu. Nyanyua mkono, uape hutamwambia yeyote."

Njia ilikuwepo, tusimsingizie. Ilipita nyuma ya vyoo, ikazunguka shimo la taka, ikafuata bomba la maji. Kuhusu nzi, hapo alidanganya. Mwanzoni mwake alikuwa amesimika kibao alichokipaka rangi mwenyewe: HAKUNA NJIA. Binadamu haamini kilicho wazi. Mwoneshe kilichofungwa, atauliza bei.

Kofia Pana aliapa, akalipa, akatokomea. Wakafuata wachumba wawili, walioapa wakiwa wameshikana mikono, kisha daktari wa meno, kisha mwalimu mstaafu na kwaya yake. Kila mmoja aliapishwa faraghani. Na kila mmoja, kwa kuwa kiapo hakikutaja shemeji, alimpigia simu shemeji yake.

Kufikia mchana foleni ya getini ilikuwa imekwisha, na mfuko wa Asali umenenepa kiasi cha cherehani nzima, pengine na kiti chake.

Ndipo sauti zikasikika nyuma ya vyoo.

"Wewe nani kakuleta huku?" Ilikuwa sauti ya Kofia Pana, aliyebanwa na umati kando ya shimo la taka, haendi mbele wala nyuma.

"Siwezi kusema. Nimeapa."

"Hata mimi nimeapa!"

Kisha msafara wote ukageuka, pamoja na fimbo zake za kupandia.

Asali alikimbilia getini. Hapo alimkuta mkewe, amesimama na mwavuli.

"Mama watoto! Umefuata nini huku?"

"Cherehani."

"Imo humu mfukoni, imebaki kununuliwa tu. Nifiche, wanakuja!"

"Maegesho yamejaa mashemeji, wanakuulizia. Huko hupiti." Alimpima kwa macho, kama anayekata kitambaa. "Ila kuna njia. Haina hata nzi. Lakini ni ya mtu mmoja tu."

Asali aliyajua maneno hayo kama mtu anavyojua mswaki wake. Lakini fimbo zilikuwa zikigonga mawe.

"Bei?"

"Mfuko. Wakikukamata nao, umekwisha. Mimi nani atanipekua?"

"Jamani, mke wangu..."

"Nyanyua mkono, uape."

Akaapa. Akakimbia alikooneshwa kwa ncha ya mwavuli. Njia ilikuwa pana, imefagiwa, ina mabenchi. Alipofika benchi la pili ndipo alipotambua kwamba ni ile njia kuu, iliyokimbiwa na wote. Alifika kwenye maporomoko peke yake, akakaa. Palikuwa pazuri kweli. Alijuta kwamba hakutoza zaidi.

Jioni alifika kwake. Ndani, cherehani ilikuwa ikinguruma.

"Hodi!"

Ikanyamaza. "Nani?"

"Mimi, mumeo. Naisikia, imerudi!"

"Imerudi. Wewe hukurudi nayo."

"Sasa nipite wapi, mama watoto?"

"Hapa pana msongamano, baba watoto. Jaribu nyuma."

Akazunguka mbio. Kwenye mlango wa jikoni kilining'inia kibao, rangi yake bado mbichi: HAKUNA MLANGO.

Asali alikisoma mara mbili. Kisha akainamia tundu la ufunguo, akauliza bei.