Mkate wa Siku Mbili na Namba Nane

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa maabara ametuita ofisini, mimi na Mizani. Hakutukaribisha viti. Amesema mwezi huu ukiisha kazi ya nafaka itabaki na mtafiti mmoja. Mmoja! Atakayeleta matokeo ya kueleweka ndiye atakayebaki. Mizani aliitikia kwa kichwa tu. Tunamwita Mizani kwa sababu hupima kila kitu mara tatu, hata majani ya chai yake. Yeye anachunguza nyuzinyuzi za pumba. Mimi nina mkate wangu wa mtama. Unaokwa, unalazwa kwenye friji siku mbili, wanga wake unakakamaa, tumbo linashindwa kuusaga upesi, na sukari ya damu haipandi kwa kasi. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Bado sijathibitisha.

Nahitaji watu wanane wa kujitolea. Wanakuja asubuhi bila kula, wanatobolewa kidole, wanakula vipande viwili, kisha wanatobolewa tena kila nusu saa kwa saa mbili. Ninao saba. Wa nane, fundi viatu, amejitoa leo. Amesema soli anazoshona ni laini kuliko mkate wangu. Nikamwambia hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Akaondoka bila kuaga.

Miaka kumi na mmoja nimekaa katika maabara hii. Nikitoka hapa sijui pa kwenda. Mke wangu sijamwambia.

Jumatano, 5 Machi

Nimempata! Dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na hajawahi kuninyima kitu. Vikwazo ni viwili. Kanuni zinakataza ndugu wa mtafiti. Zinakataza pia mtu anayetumia dawa za sukari, na dada anazitumia huu mwaka wa sita. Nilitafakari kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Nikaandika kwenye orodha: Namba Nane, mpishi wa shule, mzima wa afya. Mpishi kweli ni mpishi. Sijadanganya yote.

Nilimfuata kazini kwake, jikoni, akisugua sufuria kubwa kuliko yeye. Nikamweleza kila kitu, bila kumficha. Sukari isipopanda, nabaki. Ikipanda, ndiyo basi tena. Akauliza kama ni lazima yake pia isipande. Nikamjibu isipande hata kidogo. Aliendelea kusugua. Kisha akasema haya, mdogo wangu, usiwe na wasiwasi.

Leo nitalala usingizi mzito, wa kwanza wiki hii.

Ijumaa, 7 Machi

Kipimo cha kwanza. Watu saba, sukari imepanda kwa wote saba. Imepanda vizuri tu, kama vile wamekula mkate wa dukani. Kisha Namba Nane. Haikupanda. Ilishuka! Nikapima tena. Imeshuka zaidi! Nilitaka kuruka, nikakumbuka nimevaa koti jeupe.

Dada alikuwa anatokwa jasho. Akasema ni joto la chumba. Nikamfungulia dirisha.

Mizani alichungulia daftari langu bila kuombwa. Akasema hakuna mkate unaoshusha sukari. Mkate ni wanga, na wanga ukisagwa tumboni unageuka sukari. Ukikakamaa utachelewa, lakini hauwezi kumshusha mtu chini ya pale alipoanzia. Akaniuliza kama nimemwona Namba Nane akimeza. Kijicho hicho! Nikamwambia kila mtu ahangaike na pumba zake.

Nimeanza kuandika ripoti. Kichwa chake: Mkate Unaoshusha Sukari. Nimekipigia mstari mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Kipimo cha pili. Habari zilimfikia Mkuu, akaja mwenyewe kutazama. Dada alikaa kiti cha mwisho, mkoba mapajani. Sukari yake ilikuwa chini hata kabla ya kupewa mkate. Mtu yeyote mwenye elimu yangu angesimamisha kazi pale pale. Mimi nilimnong'oneza Mkuu kwamba mkate wa Ijumaa bado unafanya kazi.

Baada ya nusu saa dada aliinuka, akasema anakwenda kunawa. Akaanguka mlangoni. Nilisikia kichwa chake kikigonga sakafu. Nilisimama na kipimo mkononi, nimeganda. Mizani ndiye aliyekimbia. Alimlaza ubavu, akaagiza gari la wagonjwa liitwe, akafungua mkoba kutafuta kadi ya kliniki. Aliipata. Alipata pia mkate wangu, vipande vitatu na nusu, vimefungwa kwenye leso safi. Siku zote mbili nilikuwa nimekodolea macho vidole vya dada. Mdomo wake sikuutazama hata mara moja.

Hospitalini muuguzi aliuliza ndugu wa mgonjwa ni nani. Nilinyoosha mkono kabla sijafikiri. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Jumanne, 11 Machi

Dada yu hai. Daktari amesema tungechelewa saa moja tu, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Sikumwomba afafanue.

Dada alinieleza yote, bila kujitetea. Siku zote mbili alimeza dawa mara mbili ya kiasi chake. Mkate alijifanya anatafuna. Alisema mimi ndiye niliyetaka isipande, naye hakuona njia nyingine. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Halafu akaniuliza kama nimebaki kazini.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikalia. Watu walinipita wakidhani nimefiwa. Tulipokuwa wadogo alikuwa akinisogezea sahani yake na kusema ameshiba. Kila siku ameshiba. Nami nilikuwa nakula.

Jioni nimemwambia mke wangu kila kitu. Hakunikaripia. Alichukua kanga safi na sabuni, akaenda kumuuguza dada.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeitwa kwa Mkuu. Nilivaa tai, nikaenda nikijua nakwenda kuagwa. Matokeo yote yamefutwa. Nimepewa barua ya onyo, kurasa mbili. Kisha akasema nina wiki mbili za kurudia kazi upya, kwa watu halali. Sikuelewa. Kumbe Mizani ndiye aliyeniombea. Alimwambia Mkuu kwamba mkate wangu usihukumiwe kwa vipimo vilivyovurugwa, kwa kuwa ni kama haujapimwa bado. Amejitolea kusimamia vipimo yeye mwenyewe na kumtazama kila mtu mpaka ameze. Mkuu amekubali kwa sharti moja. Akionekana ndugu yangu tena kwenye orodha, nimekwisha.

Baadaye Mizani alipita mezani kwangu, akaniachia karatasi ya maswali ya kumuuliza kila anayejitolea. Dawa, maradhi, undugu. Ameyapanga kwa mwandiko mzuri. Akauliza hali ya dada, akaenda zake.

Nimeigeuza karatasi hiyo mbele na nyuma. Anatafuta nini huyu? Nitamgundua tu.

Ijumaa, 14 Machi

Dada ametoka hospitali. Anatembea kwa kushika ukuta. Nimemwapia mbele ya mke wangu kwamba sitamweka mtu hatarini tena kwa ajili ya mkate. Nilimaanisha kila neno.

Kisha nikakaa chini kulichambua kosa langu, kisayansi. Nimeliona! Kosa lilikuwa mapenzi. Dada ananipenda mno, ndiyo maana alificha mkate. Hivyo basi, Namba Nane awe mtu asiyenitakia mema hata kidogo.

Sikuhangaika kutafuta. Mama mkwe! Hana maradhi, hatumii dawa, na mkate atautafuna mpaka makombo akiomba sukari ipande. Si ndugu wa damu, kwa hiyo si ndugu. Nimemwandika fundi cherehani, na kweli ana cherehani. Tulipofika kwenye swali la undugu na mtafiti nilisita, kalamu ikabaki hewani. Akaninyang'anya, akaandika HAPANA kwa herufi kubwa. Alisema hilo amekuwa akilisema tangu siku ya harusi.