Mrudisheni Chimène Kutoka Ziwa Lenu

Mheshimiwa Chifu na Wazee wa Baraza,

Kwanza poleni na baridi. Mimi ni Mama Esperance Nshombo wa Kenmore, hapa Buffalo, mzazi wa nesi wenu Chimène. Ndiye atakayewatafsiria barua hii. Mwangalieni asiruke mstari.

Alikuja kwenu kaskazini kwa msimu mmoja tu. Sasa ziwa lenu limeganda mara ya pili na hajarudi. Donc, kwa hiyo, nalalamika:

1. Mnamlisha samaki wa kukaushwa kwa moshi. Amethubutu kusema ni watamu kuliko wa Ziwa Kivu. Kaka yangu Paluku, aliye Louisville, aliposikia hayo alikata simu.

2. Malori yenu yanapita juu ya barafu ya ziwa. Sisi tuliozaliwa kando ya maji tunajua ziwa ni la mitumbwi. Naomba mliyeyushe barabara hiyo, ila mwanangu apite kwanza.

3. Hili ndilo zito. Kuna mzee mnayemwita Kokum, yaani nyanya. Alipokuwa mtoto, ndege ya serikali ilimbeba kwa lazima hadi shule ya bweni, akachapwa kila alipotamka Kikree, lugha yenu. Aliporudi, yeye na mama yake walibaki kutazamana tu, hawaelewani. Alikuja kujifunza upya ukubwani. Siku moja Chimène akimfunga bandeji, Kokum akamwuliza, "Na wewe, lugha ya mama yako unaijua?" Mtoto wangu, ambaye miaka yote namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, usiku huohuo akanipigia simu.

Tangu hapo sina amani. Kila jioni anapiga: "Mama, tuongee Kiswahili." Nikisema "okay", ananikanya. Nikisema "bon" ya Kifaransa, ananikanya! Jana ameniuliza jina la nyanya yangu, na jinsi tulivyovuka mpaka tukikimbia kwetu Kivu, mambo niliyokuwa nimeyafungia mbali. Tumelia wote wawili, na sombe, mboga yangu ya majani ya muhogo, ikaungua jikoni.

Kwa hiyo mnirudishie mwanangu, au huyo Kokum aletwe Kenmore ajibu mashtaka. Chumba kipo, na kitanda nimekitandika.

Ndugu zetu wa Columbus na Louisville wanawasalimu. Nanyi nisalimieni watoto, wavuvi na mbwa wenu wote.

Ni mimi, mwenye uchungu na heshima,
Mama Chimène

N.B. Asubuhi hii Chimène amenijulisha kwamba amepata kazi hapa Buffalo, atarudi mwezi ujao. Tafadhali mzuieni! Nimeshakata tiketi ya kuja kwenu, na buti za theluji nimezivaa ndani ya nyumba tangu juzi.