Baba Mkwe Aomba Radhi

Jumatatu, 2 Juni

Nimeshtuka. Muuza nyama amekataa kuniuzia steki. Eti amebakiwa na mifupa tu. Steki inaning'inia nyuma ya kichwa chake, naiona! Kosa langu? Nimemtilia mkamwana wangu sumu kwenye chai. Sina mkamwana. Sina hata mwana. Lakini jana Baba Mkwe wa tamthilia ya Ukoo wa Lango Jeusi alifanya hivyo, na Baba Mkwe anazungumza kwa sauti yangu.

Niweke kumbukumbu sawa. Tamthilia hiyo inatoka ughaibuni. Mimi ndiye ninayeitafsiri, kwa kuwa kituoni kwetu hakuna mwingine anayeijua lugha yao. Mimi pia ndiye ninayemwingizia sauti yule mzee. Mtu aliyesoma falsafa hadi macho yakaingia miwani, leo anakula kwa kukoroma kwenye maiki.

Msimamo wangu juu ya tamthilia uko palepale: takataka. Jumba lina vyumba arobaini, hakuna mlango wenye kufuli. Siri zote zinasemwa mbele ya pazia, na nyuma ya pazia kuna mtu. Habari mbaya ikifika, lazima mtu adondoshe kikombe. Vikombe vyote vile wananunua wapi?

Nikapita duka la dawa. Kununua dawa ya koo. Koo langu ni zima kama tarumbeta, lakini mfamasia ndiye ninayetaka kumwoa, na shangazi yake ameshamfikishia ujumbe. Leo amenijibu kwa upole. Amesema mimi mwenyewe sina tatizo, hata miwani ameizoea. Tatizo ni sauti. Nikimwambia habari za asubuhi, anaona kikombe cha chai. Hata hivyo, Jumapili dada yake mkubwa atakuwa amerudi kutoka ughaibuni, nifike kwa chakula cha mchana, familia inione, kisha watanipa jibu.

Sikuuliza ughaibuni wapi. Ughaibuni ni ughaibuni.

Jumanne, 3 Juni

Nina akili kuliko mji huu unavyostahili.

Leo tumerekodi kipindi cha hospitali. Baba Mkwe anamwinamia mkamwana wake kitandani. Maneno yake halisi: ukifungua mdomo, nitakutupa barabarani wewe na mtoto wako. Nikayatazama yale maneno. Nikamwona mfamasia sebuleni kwao, ameshika rimoti. Nikaandika: "Binti yangu, nisamehe. Ile chai ilikuwa yangu. Nilikosea kikombe."

Nikayasema kwa sauti ya kutetemeka. Yule mama anayemwingizia sauti mkamwana, tunayemwita Bibi Kilio kwa kuwa hulia kwa kuagizwa, leo amelia bila kuagizwa. Bosi wetu akauliza kama kweli ndivyo walivyosema wenyewe. Nikamwambia neno kwa neno.

Akatia mguu Koo Tamu. Huyu ndiye sauti ya Kijana Shujaa, na anajipenda kuliko mama yake anavyompenda. Akasema nyusi za yule mzee si nyusi za mtu anayeomba radhi. Nikamjibu kwamba nyusi ni utamaduni, na yeye hajasafiri.

Asubuhi tunarekodi, jioni kinarushwa. Kituo chetu hakijawahi kuwa na kipindi cha akiba.

Jumatano, 4 Juni

Mji mzima umelia!

Muuza nyama amenipa steki, akaongeza na maini bila kuombwa. Anadai tangu mwanzo alijua yule mzee ana moyo. Mwongo mkubwa. Kwa kinyozi kulikuwa na mjadala mkali. Kinyozi anasema ule ni mtego, mzee anataka urithi. Mteja mmoja akasimama kunitetea, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, akaapa hatakaa mpaka kinyozi aombe radhi. Hawa ndio watu ninaowatafsiria. Nimewapa toba, wamenipa maini.

Mfamasia ana macho mekundu. Amesema hakujua kwamba sauti ile inaweza kuomba msamaha. Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba inaweza mengi. Nilikuwa naandaa sentensi ya pili, ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Koo Tamu. Akaniita mzee wangu! Tumepishana miaka michache sana. Kumbe naye hununua hapo. Tena hanunui: mfamasia amempa peremende za koo za bure, eti kwa vile Kijana Shujaa alimbeba mkamwana wa watu kwenye mvua.

Nimetoka bila dawa. Nimeshtuka mno.

Alhamisi, 5 Juni

Kijana Shujaa anasimama bustanini, kando yake farasi. Anamwambia yule binti wa chai ya sumu kwamba atamsubiri maisha yake yote. Maneno ya kijinga. Nikaandika haya: "Sikukuambia ukweli. Nina mke ng'ambo ya mto, na watoto, na huyu farasi nimeazima."

Koo Tamu akasoma karatasi. Akauliza kama kweli ndivyo ilivyo. Nikamuuliza kati yake na mimi ni nani aliyeisoma lugha ile. Akatazama chini. Akasema maneno yote, kwa utamu wake wote, hadi farasi.

Ikatokea kasoro moja. Kwenye picha yule binti anaipokea habari hiyo kwa tabasamu pana. Nikamwandikia Bibi Kilio: "Nacheka nisije nikalia." Hakuna shimo ambalo mtafsiri hodari hawezi kulifukia.

Ijumaa, 6 Juni

Asubuhi tamu. Muuza nyama anataka kujua farasi ni wa nani. Kinyozi amesema vijana wa siku hizi wote ni hivyohivyo, akanitazama kwa heshima kama mtu aliyeonya mapema. Kwenye duka la dawa, nimemkuta Koo Tamu akijitetea mbele ya kaunta kwamba yeye ni sauti tu. Mfamasia akamwambia kila mwanamume husema hivyo. Leo peremende hajapata. Mimi nimepewa kiti.

Mchana, pigo. Kipindi kipya kimeingia. Baba Mkwe, ambaye mimi nimemfanya mtakatifu, anamsukuma bibi mzee kutoka ghorofani. Mchana kweupe! Kisha anacheka. Kamera inamsogelea mpaka meno. Unaweza kutafsiri neno, lakini kicheko utakitafsiri vipi?

Bosi akauliza mzee anasema nini pale. Jasho likanishuka hadi kwenye soksi. Mkono wangu ukaandika wenyewe: "Mimi siye yeye. Mimi ni pacha wake."

Bosi akashika kichwa. Akauliza pacha ametokea lini. Nikamwambia yupo tangu mwanzo, watazamaji makini wanajua. Akafurahi, kwa sababu watu wa sabuni wanaotangaza kwetu wamempigia simu kusifu kipindi. Koo Tamu hakufurahi. Kijana Shujaa wake alikuwa anamtolea figo mtoto asiyemjua, na mimi nikamwandikia kwamba hata figo ameazima.

Jumamosi, 7 Juni

Kinyozi ametangaza kwamba yeye alimtambua pacha zamani. Kwa sikio la kushoto. Wote waliokuwepo wakakubali kwamba nao waliliona lile sikio. Nilinyolewa kimya, nikiwadharau na kuwapenda.

Nimepiga pasi shati. Nimefanya mazoezi ya sauti laini mbele ya kioo. "Shikamoo mama." Nzuri. "Chakula kitamu." Nzuri sana, ila mwishoni inakoroma kidogo.

Jumapili, 8 Juni

Nitaandika hivyohivyo.

Walikuwepo mama yake, shangazi yake, dada mkubwa, na yeye mwenyewe katika gauni la kijani. Nilizungumza kwa ulaini mpaka mama akaniita mwanangu. Shangazi alinijazia sahani mara ya pili. Mambo yalikuwa yamekwisha, nakwambia ewe daftari. Yalikuwa yamekwisha!

Kisha shangazi akasema marudio ya wiki yanaanza, akawasha televisheni.

Kitanda cha hospitali. Sauti yangu ikaomba radhi. Mama akafuta macho. Shangazi akafuta macho. Mfamasia akaniangalia namna ambayo sijaangaliwa tangu mke wangu wa kwanza aondoke na kabati. Dada mkubwa akacheka.

Nikafikiri ughaibuni kumemkausha moyo. Akaomba sauti iongezwe. Akasogea karibu na kioo cha televisheni. Kumbe chini ya sauti yangu, sauti ya wenyewe inasikika kwa mbali. Na kumbe yeye miaka yote hii alikuwa akiuguza wazee katika nchi ileile, kwa lugha ileile.

Akasema huyu mzee haombi radhi hata kidogo. Anamtishia mgonjwa. Akaendelea, kipindi kwa kipindi, kwa utulivu wa mtu anayesoma maandishi ya chupa ya dawa. Yule kijana hana mke ng'ambo ya mto. Hakuna hata mto. Farasi ni wake. Figo ni yake. Mama akauliza kwa wasiwasi kuhusu pacha. Dada mkubwa akamtazama mama yake kwa huruma.

Wote wakanigeukia.

Nikajitetea. Na nilisema vizuri, lazima niseme. Nikawaambia kwamba kutafsiri si kunakili. Kwamba maandishi yao ni takataka, na mimi nimeyatia utu. Kwamba mji huu ulilia kwa toba wiki hii kuliko mwaka mzima. Kwamba atakayenihukumu kwanza atafute nyusi zake mwenyewe. Sijui hiyo ya nyusi ilitoka wapi. Nikapiga meza. Na kooni mwangu, bila kuitwa, akatoka Baba Mkwe mzima mzima, mkoromo wote.

Shangazi akadondosha kikombe.

Mfamasia alinisindikiza hadi getini. Hakuwa na hasira, na hapo ndipo niliposhtuka kuliko siku zote hizi. Alisema: "Ungeniambia tu kwamba ile ni kazi na sauti yako ni yako, ningeizoea. Nilishaanza kuizoea. Sasa ukiniambia unanipenda, nani atanitafsiria?"

Nilifungua mdomo. Hakukuwa na karatasi mbele yangu. Akafunga geti taratibu, akarudi ndani.

Jumatatu, 9 Juni

Muuza nyama: mifupa.

Kinyozi amesema yeye alijua hakuna pacha, sikio lilikuwa lilelile.

Kituoni, nimekuta mtu kwenye kiti changu. Dada mkubwa! Amevaa hedifoni zangu. Aliyemleta ni Koo Tamu, ambaye alimpigia simu jana jioni baada ya kusikia habari kwa shangazi, na sasa wanaitana kaka na dada kama waliozaliwa tumbo moja. Bosi amenieleza kwamba watu wa sabuni wanamtaka pacha, pacha hayupo, na kipindi cha kesho Baba Mkwe anakiri kila kitu mahakamani kwa ulimi wake mwenyewe. Hajanifukuza. Amenihamishia vipindi vya wanyama. Amesema huko hakuna maneno ya kuharibu.

Mimi! Wanyama!

Nimekaa pembeni ya studio nikiwa na uchungu wa kutosha watu watatu. Nikatafakari maneno ya getini. Nikayatafakari kwa dhati, kwa karibu nusu saa. Kosa langu nimeliona. Nilichagua tamthilia, kitu ambacho mtu anaweza kuijua lugha yake.

Jioni nikakutana na shangazi sokoni. Alinisalimu kwa mbali, kwa ustaarabu. Katika mazungumzo akasema mpwa wake mfamasia ameapa hatatazama tena tamthilia. Sasa anatazama wanyama.

Nikarudi studio mbio. Kipindi cha kwanza kinahusu viboko. Kuna dume mmoja wa makamo. Amefukuzwa bwawani na kijana mwenye meno meupe. Amelala peke yake kwenye tope, anaachama. Maelezo yao yanasema anaonyesha meno ili kutisha wenzake.

Mimi nimemtazama machoni. Yule kiboko anaomba radhi. Kuna jike la kijani ng'ambo ya bwawa, au tuseme limesimama kwenye majani, na yeye ana maneno marefu ya kulieleza. Nimeshaandika kurasa tatu. Kesho narekodi.

Dada mkubwa hajawahi kuuguza viboko. Nimeulizia.