Utando Uliolala Dirishani

Jumatatu, 18 Mei
Aarhus. Profesa Birthe katangaza wakati wa kahawa: Ijumaa anapima tando zetu, yale matabaka membamba tunayopaka juu ya kioo. Utakaotoa gesi ya hidrojeni nyingi zaidi kwenye maji kwa mwanga wa jua, mwenyewe anapata kazi ya kudumu. Nafasi moja. Tuko wawili, mimi na Ragnhild. Mkataba wangu unakwisha Juni. Miaka sita natoboa vijitundu visivyoonekana kwa macho!

Ragnhild kaniambia, "Usihofu, Jeppe, tutashindana kwa amani." Mnafiki. Hapa maabara anayekosea analeta keki. Yeye hajawahi. Mimi mwaka huu nimeleta kumi na moja.

Jumanne, 19 Mei
Nimepima kwa siri. Wake unachemka mapovu kama soda. Wangu hoi. Nimeutupia dirishani, juani, pembeni ya kikombe changu kichafu. Mkate mweusi na samaki wa siki nimeviacha mezani.

Alhamisi, 21 Mei
Nimepata dawa. Tando zinafanana, vipande vya kioo rangi ya kutu. Kinachozitofautisha ni karatasi ya jina. Wenzangu walipokwenda kunywa kahawa, nikautoa wangu dirishani, nikabandika jina lake kwenye wangu, langu kwenye wake. Ragnhild akarudi ghafla kuchukua skafu. Kaniuliza mbona natoka jasho. Nikasema mafua. Kaniletea chai ya tangawizi. Roho iliniuma, dakika mbili hivi.

Ijumaa, 22 Mei
Nilishikilia kiti kwa mikono miwili. Utando wenye jina langu: mapovu mazuri. Wenye jina la Ragnhild: mara mbili yake. Birthe akasema huu bila shaka umekomaa kwa kukaa juani, akamwuliza aliuwekaje. Ragnhild akajibu hajui kabisa.

Mimi najua! Utando wangu, dirisha langu! Lakini ningeanzia wapi kuudai, bila kusema nilichofanya jana? Kazi kapewa yeye. Nikampa mkono.

Mchana Ragnhild kaleta keki. Anasema kushindwa kueleza matokeo yako mwenyewe nalo ni kosa. Nimekula vipande vitatu.

Jumapili, 24 Mei
Ragnhild kapiga simu. Kaniombea kwa Birthe mkataba wa mwaka mmoja, nimsaidie kutafuta siri ya ule utando. Nimelia kidogo. Mwakani inatoka nafasi nyingine, na Lasse wa chumba cha pili ameshaanza kuimezea mate. Nimekubali, kwa sharti moja dogo: karatasi za majina nibandike mimi.