Anayenawa Katika Sinki Langu

Jumatatu, 8 Juni

Kizibo cha sinki la bafuni kimekwama chini. Nimeingia kunawa uso, nikakuta sinki limejaa maji hadi ukingoni. Bomba limefungwa. Nimetia kidole. Vuguvugu! Mwezi wa sita, Makambako, upepo wa kukata masikio, na sina hita. Juu ya maji, povu la sabuni.

Naishi peke yangu tangu Dorkasi, mke wangu, alipofariki mwezi wa pili. Ema anayenipikia huja asubuhi na kuondoka baada ya chakula cha mchana. Jana hakuja kabisa.

Daktari anasema moyo wangu umebakiza kidogo. Ndiyo maana naandika. Mtu aliyefundisha hisabati maisha yake yote hawezi kufa akiwa amejidanganya. Hapa nitaungama kila kitu kama kilivyo.

Idda, binti yangu, amepiga simu kutoka Njombe. Anakuja Jumamosi kuangalia kama bado naweza kukaa peke yangu. Akikuta jambo moja haliko sawa, nabebwa hadi Njombe, nikafie kwenye chumba cha wageni chenye zulia. Nimemwambia hapa hakuna tatizo lolote. Povu lilikuwa bado halijapasuka.

Mpango: kuzibua mwenyewe, kimya kimya. Fundi bomba wa hapa mtaani Mahongole hatunzi siri.

Jumanne, 9 Juni

Nimechota maji kwa kikombe. Nimepaka kizibo mafuta ya mgando. Nimevuta kile kijiti kilicho nyuma ya bomba, kinachopandisha kizibo. Kimebaki mkononi mwangu. Kizibo, palepale.

Kisha Frederick. Jirani, mzee wa kanisa mwenzangu, karani wa mahakama mstaafu. Sisi wawili tunashindana nani atamzika mwenzake. Historia yangu ya kusomwa makaburini ameshaiandika, anasema imebaki tarehe tu. Yake nimeiandika pia. Fupi. Alibisha hodi kwa salamu yake ndefu ya "Kamwene", akanitazama, utani ukamkauka.

"Mwalimu, nani amekunyoa?"

Nikashika kidevu. Laini kama ganda la yai! Sijashika wembe tangu mwaka jana. Mikono inatetemeka hivi kwamba chai nawekewa nusu kikombe. Dorkasi ndiye aliyekuwa akininyoa kila asubuhi, kwa maji ya moto, kwenye sinki lile. Nikamwambia Frederick ni Ema. Ema akajibu toka jikoni kwamba yeye hajawahi.

Frederick akasema hapa kwetu anayenyolewa bila kuhisi ni yule anayeandaliwa kuingia kwenye sanduku, na wanaomuosha na kumnyoa ni wazee wenzake.

"Na mzee mwenzako ni mimi," akasema. "Na bado sijaanza."

Ameondoka bila kumaliza chai. Mimi nikabaki nawaza. Ufunguo wa akiba wa nyumba hii anao nani? Frederick! Idda ndiye aliyempa, kwa siku nikizidiwa. Na nani ana haraka ya kusoma ile historia? Jibu ni moja.

Jumatano, 10 Juni

Sinki limejaa tena. Vuguvugu.

Nimetandika blanketi sakafuni, nikalala chali chini ya sinki. Huko chini kuna fimbo ndogo ya chuma inayosukuma kizibo, imeshikwa na nati. Nati nimeifikia. Kuinuka ndiko kumeshindikana. Nikabaki natazama tumbo la sinki kama mtu anayesubiri kifuniko.

Ndipo nikasikia maji juu yangu. Mtu anasuuza wembe. Polepole. Kisha anaugonga ukingoni mara mbili, kama alivyozoea Dorkasi. Kutoka pale nilipolala naona sakafu nzima. Hakuna miguu.

Ema akanikuta. Nikamwambia nakagua kama bomba linavuja.

"Babu, una povu shavuni," akasema.

Nikasema ni sabuni ya kulainishia nati. Nikamwomba asimwambie Idda. Akasema hatasema, labda aulizwe. Hiyo si ahadi.

Hitimisho: Frederick alijificha nyuma ya mlango.

Alhamisi, 11 Juni

Mtego. Jana jioni nilinyunyiza unga wa sembe kwenye korido. Leo asubuhi, nyayo! Miguu mitupu, mikubwa, imetoka kitandani kwangu hadi kwenye sinki, ikarudi kitandani kwangu. Kwa hiyo Frederick alisimama kando yangu nikiwa nimelala. Nyayo zangu nazo nimezikuta nyeupe. Nadhani nilikanyaga unga wakati wa kuuchunguza.

Ushahidi ulihitaji vipimo. Kwenye sala ya jumuiya, watu wakiwa wamefumba macho, nimechukua kandambili moja ya Frederick pale mlangoni na kuitia ndani ya koti. Amerudi kwao na mguu mmoja mtupu kwenye baridi, akilalamika kwamba hata waombaji siku hizi wanaiba. Nimeilinganisha na nyayo za korido. Sawasawa kabisa! Ni kweli hata mguu wangu unaenea humo. Hilo ni sadfa.

Ema amefagia unga akiguna. Sikupenda alivyoguna.

Ijumaa, 12 Juni

Ushindi! Nimefunga spana kwenye mkongojo, nimekaa kwenye stuli, nati imelegea. Fimbo imechomoka, kizibo kikainuka. Kimetoka na fundo la nywele nyeupe refu kama mkia wa panya. Maji yakashuka na mlio mrefu, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kazi.

Kizibo nimekifukia chini ya mparachichi uani. Bila kizibo sinki halijai. Hata darasa la nne wanalijua hilo. Idda na aje.

Jumamosi, 13 Juni

Kizibo kimerudi mahali pake. Kina udongo mbichi. Sinki limejaa, vuguvugu, na maji yana wekundu wa udongo. Kucha zangu zina udongo pia, lakini jana si nilichimba? Miguu ina tope. Tope la jana.

Kabla sijachota hata kikombe kimoja, Idda akaingia. Ametazama sinki, akatazama miguu yangu. Akamwita Ema. Ema akaulizwa, basi akasema: kulala sakafuni, povu, unga, kidevu. Idda hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Akashusha sanduku langu kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja mashati.

"Baba, tunaondoka leo."

Nikamwambia sitoki hapa nikiwa hai. Akasema ndicho anachokiogopa, kunikuta hapa nikiwa vinginevyo.

Frederick alikuwa amekuja kusalimia. Alisimama mlangoni na kofia yake kifuani.

"Idda, mwanangu, ni mimi," akasema. "Mimi ndiye ninayekuja kumnyoa baba yako kila asubuhi. Ufunguo si ulinipa mwenyewe?"

Idda akautazama mkono wa kulia wa Frederick. Tangu apate kiharusi, ule mkono haufungi. Hata kitabu cha nyimbo anakishika kwa kushoto. Akautazama, Frederick akauacha utazamwe.

"Ukimchukua huyu," akasema, "mimi nitabaki kuzungumza na nani?"

Idda akakaa juu ya sanduku. Akajifuta macho kwa shati langu. Mwishowe akasema kama ni hivyo, Mzee Frederick ahamie hapa, chumba cha pili, leo hii, nami nibaki.

Nabaki! Na zaidi ya hapo, mkosaji amekiri mwenyewe mbele ya mashahidi. Nilisema tangu Jumanne. Namna gani ananyoa kwa mkono ule, sijui. Watu wa mahakama wana mbinu.

Jumapili, 14 Juni

Idda alirudi Njombe jana jioni, na Ema haji Jumapili. Frederick ametoka chumbani amevaa tai ya ibada, anajipapasa mashavu. Jana alikuwa na ndevu nyeupe za wiki nzima. Leo, laini. Hakuna hata mkwaruzo.

Akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni mimi niliyemnyoa. Nikamwonyesha mikono yangu inavyotetemeka. Akanionyesha wake. Tukasimama kwenye korido, wazee wawili, tukionyeshana mikono isiyoweza kazi yoyote, na bafuni bomba likafunguliwa. Frederick akanishika mkono wa koti, hakuuachia.

Nimemwambia kwa upole kwamba ameshakiri, maigizo hayana maana tena, na kama anataka kunyoa anunue wembe wake.

Kesho namwita fundi aweke kitasa kwenye mlango wa bafu. Ufunguo nitalala nao mimi mwenyewe, chini ya mto, mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayeweza kuufikia.