Protini za Tumbili na Uwanja wa Kagongwa

Jumatatu, 1 Julai 1996

Nimepata kazi! Namlindia Daktari Apolonia tumbili wake, nyuma ya gesti hapa Kagongwa. Ni mtafiti kutoka Dar. Ananasa tumbili, anawatoa damu kidogo, anawarudisha kichakani. Amebaki mmoja, dume, mwenye dharau usoni.

Mji una hali mbaya. Mafua karibu kila nyumba! Na Sabasaba ndiyo mashindano ya ngoma. Sisi wa kundi la Bagika upande huu wa uwanja, wapinzani wetu Bagalu upande ule, tunaimba wakati mmoja, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Manju wa Bagika, yaani kiongozi wa nyimbo, ni mimi. Manju wa Bagalu ni Jilala, ambaye alinishinda mwaka juzi na mwaka jana. Wazee wameniambia wazi kwamba nikishindwa tena, umanju wanampa mwingine. Sauti yangu isiguswe na mafua!

Jumanne, 2 Julai

Furaha tupu! Nilimuuliza Daktari anatafuta nini kwenye damu ya tumbili. Akasema tumbili wana kirusi chao, wanakaa nacho tangu enzi za mababu zao, wala hawaumwi. Mwilini mwao mna protini za kuzuia virusi. Kirusi kikibuni ujanja mpya, protini nazo hubadilika, kama mwizi na mwenye kufuli. Hata sisi binadamu tunazo, ila za kwetu zimepigana vita vingine.

Nikauliza tumbili walizipataje. Akasema ni kwa kuishi na virusi muda mrefu sana. Akaendelea na habari za vizazi na vizazi, lakini nilikuwa nimeshaelewa. Kuishi pamoja! Kumbe ni rahisi hivyo! Mashindano ni Jumapili. Muda upo.

Alhamisi, 4 Julai

Nimehamishia kigoda changu kando ya kizimba. Tunakula karanga pamoja. Anakula zake, kisha zangu. Nywele za mikononi naona zimeongezeka, au ni vumbi.

Mama alileta uji, akanikuta nimekaa uso kwa uso na tumbili. Akasema ng'wanawane, mwanangu wee, kama ni mke unatafuta, si useme tukusaidie. Wenye akili wote huchekwa mwanzoni.

Ijumaa, 5 Julai

Mazoezi. Wachezaji wangu wote wanapiga chafya. Nikawatangazia kwamba mimi sasa siugui. Hawakuamini. Basi nikatwaa kibuyu cha togwa walichokuwa wakipokezana wagonjwa, nikanywa mpaka chini, nikalamba na mdomo wa kibuyu. Wote wakarudi nyuma hatua moja! Heshima ya namna ile sijawahi kuipata.

Jilala akapita na dada yake Zipora. Akauliza kama mwaka huu Bagika tutaimba au tutapenga kamasi. Zipora akacheka. Ana meno mazuri. Wacheke tu, Jumapili si mbali.

Jumamosi, 6 Julai

Pua inawasha. Koo linakwaruza. Bila shaka ni protini zinaingia.

Jumapili, 7 Julai

Nimeamka sina sauti! Nikifungua kinywa inatoka kama mlango wa ghala. Nililia, sioni aibu kusema. Kisha akili ikanijia. Bagalu wanacheza na chatu, mimi nashindwaje kucheza na tumbili? Nikamfunga kamba kiunoni, nikampeleka uwanjani. Daktari alikuwa kanisani.

Mungu wangu, watu walivyokuja! Mimi nakwaruza wimbo, tumbili anapiga chafya, maana mafua yangu alikuwa ameshayapata. Kila chafya, vigelegele! Upande wa Jilala walibaki wazee wawili na mbuzi. Nilikuwa nimeshinda! Nikainua mikono yote miwili kuushukuru umati. Kamba ilikuwa katika mojawapo.

Tumbili akachomoka. Akaninyang'anya kofia yangu ya manyoya, akakatiza uwanja, akamkalia Jilala kichwani na kumpigia chafya usoni. Umati mzima ukamfuata! Wapiga ngoma wangu wakaenda, na ngoma zao. Mama naye akaenda. Waamuzi wakaamua papo hapo.

Jumatatu, 8 Julai

Umanju kapewa Stanslaus, mpiga ngoma wangu. Inauma, jamani. Inauma kweli.

Daktari kanifukuza kazi kwa kumwambukiza mnyama wake. Lakini kabla ya kunifukuza alinikalisha chini, akanieleza polepole. Hakuna anayebadilika yeye mwenyewe kwa kukaa na mtu. Wenye protini dhaifu hufa, wenye protini nzuri huzaa, watoto hurithi, hivyo hivyo kwa maelfu ya vizazi. Nikamwambia angelisema hayo tangu mwanzo. Akasema alisema.

Basi sasa nimeelewa kabisa. Kosa langu lilikuwa kumtegemea tumbili. Kinga inatakiwa itoke kwa binadamu, tena wa ukoo imara! Na ukoo ambao mafua hayajaugusa mji huu ni mmoja tu, wa Jilala. Nitamwoa Zipora. Wanangu watazaliwa mamanju! Ila kwa kuwa siwezi kuwasubiri mpaka wakue, nitaanza na Jilala mwenyewe. Nitashinda naye wiki nzima, nilale kwake ikibidi.

Nimetoka kupiga hodi kwao sasa hivi. Zipora kanifungulia, kasema nirudi siku nyingine, kaka yake hawezi kuona mgeni. Tangu alfajiri anapiga chafya mpaka kuku wamehama ua. Nimerudi nyumbani narukaruka. Protini zake zinachapa kazi! Kesho mapema nabeba mkeka.