Kupima Kichwa cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe bado yupo. Alikuja kusalimia tu, mwezi uliopita, na kifuko kidogo. Leo tena kakalia kiti changu. Kile cha mikono, kando ya dirisha! Mimi nimekula nimeketi juu ya ndoo. Nikigusia safari ya kurudi kwake, kichwa kinamuuma papo hapo. Anasema kinamuuma pia akiinama, na asubuhi akiamka, na macho yanaingia ukungu. Anajua kupanga maneno, huyu mama.

Jioni redioni daktari kaeleza kwamba siku hizi presha ya ndani ya fuvu inaweza kukisiwa bila kutoboa. Nikaacha kutafuna. Kukisia presha bila kutoboa! Mimi fundi matairi nimefanya kazi gani maisha yangu yote? Unagonga kwa nyundo ya mpira, unasikiliza. Tairi lililojaa mno hulia juu, lililopungua hulia chini. Nikithibitisha kwamba kichwa chake kina upepo wa kutosha, basi, visingizio vimekwisha. Kiti kinarudi kwa mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi
Mazoezi. Kwanza tairi la lori, halafu kichwa changu. Nilitaka na cha kinyozi, mwenye kibanda ubavuni mwa karakana yangu na hukumu juu ya kila jambo. Kakataa. Kasema vichwa ni eneo lake, kaanza kuvishika kabla mimi sijajua kushika spana, na fundi matairi abaki na matairi. Wivu mtupu.

Mchana mama mkwe alisinzia. Kwenye kiti changu. Nikanyata. Nikamgonga kidogo utosini, kwa heshima zote. Mlio mzuri, wala si juu wala si chini. Nikagonga tena kuhakikisha. Akafumbua macho. Nikamwambia kulikuwa na nzi. Akauliza ni nzi gani huuawa kwa nyundo. Nikasema mkubwa. Mke wangu hajanisemesha tangu saa hiyo.

Alhamisi, 7 Machi
Msaliti! Kinyozi kaja nyumbani nikiwa kazini, kamkanda mama mkwe kichwa, katangaza kwamba kimejaa, anahisi kwa vidole. Mtaa mzima unajua. Na mimi nilishawaambia watu wachache (wateja wangu wote) kwamba kiko sawa. Heshima yangu ya kazi iko hatarini. Uamuzi: kesho nampeleka kliniki mwenyewe. Daktari atasema hana kitu, kinyozi ataumbuka, mama atafungasha. Tiketi yake ya basi la Jumamosi nimeshakata kabisa. Mke wangu kalia kwa furaha, kasema hatimaye namjali mama yake. Nimepokea shukrani.

Ijumaa, 8 Machi
Daktari ni mwanamke wa makamo, si mtu wa maneno mengi. Kamlaza mama, kamwambia afumbe macho, kampaka jeli juu ya kope, kisha kaweka pale kile kimashine cha ultrasaundi wanachotazamia mimba. Hakuna kutoboa. Nikamshauri agonge kidogo pia. Alinitazama, akaendelea.

Kwenye skrini, mstari mweusi nyuma ya jicho. Akaeleza kwamba ule ni mshipa wa fahamu wa jicho, umevikwa ala kama kisu, na presha ya ndani ya fuvu ikipanda, ala hutanuka. Ya mama imetanuka sana. Akasema hapo anakisia tu, kwa hiyo mama aende hospitali kubwa leo hii wakahakikishe. Nikauliza kuhusu basi la kesho.

"Basi?" akasema. "Mngechelewa kidogo tu, huyu angekuwa kipofu."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Mama alinishika mkono. Mgonjwa yeye, na ndiye aliyenishika mimi!

"Usiogope, mwanangu," akaniambia. "Umeniwahi."

Tiketi ilikuwa mfukoni. Niliogopa kweli, na niliona haya. Naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kusoma.

Jumanne, 12 Machi
Hospitali kubwa walithibitisha, wakamlaza. Dawa zimemkubali. Ukungu wa macho unapungua. Anaisimulia wodi nzima kwamba mkwe wake ndiye aliyegundua ugonjwa, kwa nyundo. Wauguzi wanakuja kunitazama. Kinyozi anadai kagundua yeye! Nimemjulisha kwamba nikikumbuka vizuri, ule mlio ulikuwa wa juu. Juu sana.

Kisha daktari wa wodi katuita. Mama atahudhuria kliniki kila baada ya wiki mbili, pengine mwaka mzima, kwa hiyo akae karibu. Yaani kwangu. Na akae penye hewa, aegemee vizuri. Kiti cha mikono, kando ya dirisha, kwa amri ya daktari!

Jumapili, 17 Machi
Baba mkwe kaja kumwangalia mkewe, aliyetoka wodini juzi. Masanduku mawili. Kakalia ndoo yangu. Nikamwuliza kwa adabu anatarajia kurudi lini. Akashika goti, akasema linamkaza kila akifikiria safari.

Linamkaza! Nimempa pole na mto wa kuegemea. Sasa kasinzia. Goti ni dogo kuliko kichwa, na halina nywele. Mlio wake utakuwa safi zaidi. Naenda kuchukua nyundo.